Fedha za CDF zinapohamishwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine

Mwananchi wa Kenya anapoambiwa kuwa darasa lililoahidiwa kijijini mwake halitajengwa tena, swali lake huwa moja: fedha zimekwenda wapi?

Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, CDF, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, mwanzoni mwa utawala wa Rais Mwai Kibaki. Ilitengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ziligawanywa sawasawa baina ya maeneo bunge 210 ya wakati huo, na robo iliyobaki kwa kuzingatia umaskini. Mbunge ndiye aliyeunda kamati ya kusimamia fedha hizo, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanzia.

Sheria ya mwaka 2015, iliyoigeuza hazina hiyo kuwa NG-CDF, iliweka sharti bayana: fedha zilizotengewa mradi hubaki za mradi huo, na haziwezi kuhamishwa katika mwaka huo wa fedha bila idhini ya Bodi ya hazina. Uamuzi wa kamati peke yake hautoshi. Mradi ukifutwa, fedha hurudi katika akaunti ya eneo bunge lilelile. Huko huelekezwa kwa mradi mwingine unaostahili, au huongezwa kwenye mgao wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, kijiji chaweza kupoteza darasa lake, lakini eneo bunge halipotezi fedha.

Kwa dharura zisizotazamiwa, kama paa la shule kung'olewa na upepo, hakuna haja ya kugusa mradi wa wengine, kwani asilimia 5 huachwa bila kupangiwa kazi.

Hata hivyo, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara kwa mara miradi iliyokwama na fedha zilizohamishwa bila idhini. Mkazi anayetaka ukweli hana budi kuulizia barua ya Bodi, wala asiridhike na maelezo ya mkutano wa hadhara.

Hatima ya hazina yenyewe imefikishwa mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya CDF ya mwaka 2013. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kuwa sheria ya 2015 nayo inakiuka Katiba, na kwamba hazina ikome tarehe 30 Juni 2026. Mwaka 2025 Bunge la Taifa lilijibu kwa kupitisha mswada wa kuiingiza katika Katiba.