Ubora wa Chekechea Gatwekera, na Swali la Nani Aulipie

Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki wa Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, shule zilizo pembezoni mwa mtaa wa mabanda wa Kibera jijini Nairobi, Olympic mojawapo, zilifurika watoto. Yaliyozipata chekechea hayasimuliwi sana. Agizo lile halikuzigusa: mwalimu wa nasari aliendelea kutegemea ada ya wazazi, na mzazi aliyeona darasa la kwanza ni bure ilhali nasari ni ya pesa alimpeleka mtoto darasa la kwanza moja kwa moja. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Aliyekosea ni mtunga sera, aliyeanza kujenga nyumba kutoka ghorofani.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, kosa hilo lingali hai Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Hapa nyumba ni chumba kimoja cha mabati au udongo, na ardhi si mali ya anayeikalia. Kabla jua halijapanda, mama ameshika njia kwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo mitaa ya wenye nacho, kama mwenzake wa Kawangware anavyoelekea Lavington na Kileleshwa. Mtoto mdogo huachwa kwa jirani anayelea watoto wa wenzake kwa malipo ya siku, aghalabu shilingi 50 hadi 100. Mlezi ni mmoja, watoto ni wengi, na mwanga unaingia kwa mlango tu. Chakula cha mchana kimefungwa na mama kwenye mkebe. Asiyekuwa nacho humegewa cha mwenzake. Mlezi mwenye watoto wengi hivyo hushukuru wakilala, na hapo ndipo tatizo lilipo: mtoto hulala saa ambazo angezungumzishwa.

Akifika umri wa miaka minne mtoto huyo hupelekwa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, mara nyingi katika shule ya binafsi ya ada ndogo, na huko mambo hugeuka kinyume chake. Sasa hapewi nafasi hata ya kucheza. Mtaala wa Umilisi unataka mtoto wa awali ajifunze kwa kucheza, kuimba na kushikashika vitu, lakini jioni mlangoni mzazi hufungua daftari na kuuliza, “Mwalimu, leo hamjaandika?” Mwalimu anayeishi kwa ada ya mzazi huyo hawezi kulipuuza swali hilo, kwa hiyo kesho yake ubao unajaa herufi za Kiingereza, zinazonakiliwa na mtoto anayeongea Kijaluo nyumbani na Sheng kichochoroni. Simlaumu mzazi. Daftari ndiyo risiti pekee anayopewa, naye anajua kwamba zipo shule zitakazompima mwanawe kabla ya kumpokea gredi ya kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazikataza shule za umma kumtahini mtoto ili aingie, ila ikaacha mwanya wa mtihani wa kumpanga kiwango chake.

Ubora wa elimu ya awali, basi, haupimwi kwa kurasa zilizojaa. Unapimwa kwa yale yanayopita kati ya mtoto na mtu mzima aliye naye: kuulizwa, kujibiwa, kuachwa ajaribu. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka mitaa maskini ya Kingston, Jamaika. Kuanzia 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake walifuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, waliowaonyesha akina mama namna ya kucheza na watoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipewa lishe pekee. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Lishe peke yake haikuacha faida hiyo. Wala hatuhitaji kwenda Karibi: Mombasa, tangu miaka ya 1980, mpango wa chekechea za Madrasa ulioasisiwa na Bi. Swafiya Said kwa msaada wa Aga Khan Foundation umewafunza wanawake wa mitaa yenyewe kufundisha kwa vifaa vya kienyeji, ukasambaa hadi Zanzibar na Uganda.

Mafunzo ya namna hiyo yana gharama, na Katiba ya 2010 imekwisha kutaja mlipaji. Jedwali la Nne liliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Lakini fedha za kaunti hufuata vituo vya umma, navyo ni haba mahali ambapo hakuna kiwanja cha kuvijengea. Mpango wa Dishi na County wa Kaunti ya Nairobi, ulioanza 2023, ulimpa mtoto chakula cha mchana kwa shilingi 5 akiwa katika shule ya umma. Aliye katika shule ya mabati alibaki na mkebe wake.

Wapo wanaosema kuvisaidia vituo vya mabati visivyo vya umma ni kuhalalisha huduma duni, na hoja hiyo haipaswi kubezwa. Hata hivyo, ukidai leo choo cha kisasa na hati ya ardhi, utavifunga vyote na watoto watabaki na dada zao wa miaka minane. Afadhali viwango vya ngazi: usalama na idadi ya watoto kwa mlezi kwanza, mafunzo yafuate, majengo baadaye. Shule ya wasichana ya shirika la SHOFCO, iliyofunguliwa hapahapa Gatwekera mwaka 2009 na isiyotoza ada, imeonyesha kwamba mtoto wa kijiji hiki hana upungufu wowote wa akili. Lakini shule moja inayotegemea wafadhili haiwezi kubeba wajibu wa kaunti. Wawakilishi wadi wanaopitisha bajeti ya Nairobi kila mwaka watenge fungu la mishahara na mafunzo ya walezi na walimu wa chekechea waliomo ndani ya vijiji hivi, bila kungoja kiwanja.