Msafara wa bunduki uliozaa Hifadhi ya Virunga

Mwishoni mwa mwaka 1921, kwenye mteremko mkali wa mlima Mikeno, kaskazini mwa Goma, Mmarekani mwenye umri wa miaka 57 alifyatua bunduki na kumuua gorila dume. Mwili uliporomoka kuelekea korongoni, ukakwama kwenye mti. Haukuweza kuburutwa hadi kambini, kwa hiyo mnyama alipimwa na kuchunwa hapohapo. Wapagazi ndio walioshuka na ngozi, fuvu na mifupa.

Mwindaji huyo aliitwa Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kukausha wanyama na kuwasimamisha kwenye makumbusho wakionekana kama wazima, na safari hii alikuwa amekuja kwa ajili ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, mjini New York. Miaka minne baadaye mlima huo ulikuwa ndani ya hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, na bunduki za wawindaji zilikuwa zimepigwa marufuku humo. Historia hiyo ni yetu sisi wa Kivu, na ina sehemu mbili. Sehemu ya Akeley imeandikwa vitabuni na inasimuliwa mpaka leo. Sehemu ya watu waliobeba mizigo yake, na ya wale waliopoteza mashamba baada yake, bado haijaandikwa inavyostahili.

Kabla ya Akeley

Gorila wa milimani aliingia kwenye vitabu vya sayansi kwa njia ya risasi. Tarehe 17 Oktoba 1902, ofisa wa jeshi la Ujerumani, Kapteni Robert von Beringe, alikuwa akipanda mlima Sabinyo alipoona kundi la wanyama weusi wakubwa. Aliwapiga wawili, wakatumbukia bondeni. Mmoja akaopolewa na kupelekwa Berlin, ambako mtaalamu wa wanyama Paul Matschie alimtambua kuwa wa aina mpya na mwaka 1903 akampa jina la Beringe. Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakimfahamu ngagi, yaani gorila, tangu enzi za mababu. Ulaya ilimfahamu kwa mifupa yake.

Cha kusikitisha ni kwamba miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 19 Mei 1900, madola ya kikoloni yalikuwa yametia saini mjini London mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika. Miongoni mwa wanyama ambao hawakutakiwa kuuawa alikuwemo gorila. Mkataba ule haukuwahi kuanza kutumika. Karatasi ilibaki London, na huku milimani wawindaji wakaendelea kuja. Kati ya 1902 na 1925 gorila wasiopungua 50 waliuawa au kukamatwa katika milima ya Virunga. Mwaka uleule aliokuja Akeley, Mwanamfalme Wilhelm wa Sweden alifika na msafara wake, na gorila 14 wakauawa kwa ajili ya makumbusho ya Stockholm.

Jinsi safari ilivyopangwa

Siku hizo safari ya uwindaji ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zilipikwa Nairobi. Kampuni ya Newland & Tarlton, iliyoanzishwa mwaka 1904, ilimpokea mgeni na kumtafutia kila kitu: mahema, vyakula vya makopo, wapishi, wabeba bunduki na wapagazi. Mgeni alilipia leseni, ambayo katika Kenya ya wakati huo ilikuwa pauni 50, na leseni ilitaja wanyama alioruhusiwa kuua na idadi yao. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 na kusafiri na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kabla ya kurudi kwao.

Mzigo wa kila mpagazi ulikuwa kilo 27 hivi, juu ya kichwa au bega, kupanda na kushuka. Gari lisingefika porini, na farasi na punda waliuawa na ndorobo. Kwa hiyo mpango wa safari ulianza na swali moja: watapatikana watu wangapi wa kubeba?

Akeley aliujua mfumo huo vizuri. Alikuwa ameanza kuja Afrika mwaka 1896, alipowinda Somalia na kumuua chui kwa mikono yake mitupu. Huko Kenya alimchukua kijana wa Kikuyu, Wimbia Gikungu, akamfanya mbeba bunduki wake. Vitabuni kijana huyo anaitwa Bill tu.

Kwa safari ya gorila njia ilikuwa nyingine. Msafara ulishuka Cape Town, ukapanda kwa reli hadi Katanga, ukafuata mto Lualaba kwa meli, ukavuka Ziwa Tanganyika mpaka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kisha ukaelekea Kivu kwa miguu. Akeley aliandamana na wakili Herbert Bradley, mkewe mwandishi Mary Hastings Bradley, binti yao Alice aliyekuwa na miaka sita, na wanawake wengine wawili. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa imetoa ruhusa. Mapadri Weupe wa misheni ya Lulenga waliwapokea na kuwasaidia kupata watu wanaojua njia za mlimani.

Kuwaleta wanawake ilikuwa sehemu ya mpango. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamemfanya gorila kuwa jitu la kutisha, na aliyemuua akasifiwa kama shujaa. Akeley aliona kwamba endapo mwanamke angeweza kumpiga gorila, sifa hizo zingezimika na wawindaji wangekosa la kujivunia. Mwishowe hakuna mwanamke aliyempiga gorila risasi, lakini wazo lenyewe linaonyesha kwamba shaka ilikuwa imekwisha kumwingia kabla hajaiona Mikeno.

Uso wa gorila

Gorila watano waliuawa. Mmoja alikuwa mtoto. Akeley alimpiga jike, waongozaji wakamchoma mkuki mwanawe. Akeley aliwahi kumfikia angali hai, na baadaye aliandika kwamba macho ya mtoto yule yalikuwa yakimsihi, na kwamba angejitupa mikononi mwake kutafuta faraja. Kuhusu dume aliandika kwamba ilimbidi ajikumbushe kazi ya sayansi aliyotumwa ili asijione muuaji.

Maneno hayo hayawafufui waliokufa. Lakini ni vizuri kuelewa kazi iliyoyazaa. Mkaushaji wa wanyama hawezi kuua na kwenda zake kama mwindaji wa kujifurahisha. Akeley aliupaka uso wa gorila plasta na kutoa umbo lake, akalazimika kuangalia kila mkunjo wa kipaji, kila mstari wa pua na midomo. Alikesha na nyuso hizo. Alikuwa pia na kamera ya sinema aliyoibuni mwenyewe, na kwa kamera hiyo alipiga filamu ya kwanza ya gorila wakiwa porini. Aliyoyaona ni wanyama watulivu wanaokula majani na kulea watoto, wasiomshambulia mtu asiyewachokoza. Watano walipotimia, alifunga mizigo.

Barua hadi Brussels

Akeley aliporudi New York alianza kampeni. Alimwandikia na kumwendea balozi wa Ubelgiji mjini Washington, Baron de Cartier de Marchienne, akieleza kwamba gorila wa Mikeno, Karisimbi na Visoke wangekwisha kama wasingelindwa. Mbegu hiyo iliangukia udongo mzuri, kwa sababu Mfalme Albert I alikuwa ametembelea hifadhi za taifa za Marekani mwaka 1919 na kuvutiwa nazo. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ya kifalme ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert. Kruger ya Afrika Kusini ilifuata mwaka mmoja baadaye.

Mwaka 1926 Akeley alirudi, safari hii pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe Akeley, mtaalamu wa wanyama Mbelgiji Jean-Marie Derscheid, na mchoraji William Leigh, ili kuichunguza hifadhi na kuchora mandhari yake. Alikuwa mgonjwa, na sehemu ya njia wapagazi walimbeba kwenye machela. Tarehe 17 Novemba 1926 alifariki Kabara, kwenye tandiko la ardhi kati ya Mikeno na Karisimbi, na akazikwa hapo. Gorila wa 1921 wamesimama hadi leo New York, katika ukumbi unaoitwa kwa jina lake uliofunguliwa mwaka 1936, na nyuma yao imechorwa milima yetu.

Upande wa wenyeji

Hifadhi ilikua haraka. Mwaka 1929 ilipanuliwa kuelekea tambarare za Rutshuru na Ziwa Edward, na kufikia mwaka 1935 ilikuwa karibu na ukubwa wake wa leo, kilomita za mraba zipatazo 7,800. Ndani ya mipaka hiyo mipya mlikuwa na mashamba, malisho, njia za wafugaji na misitu ambamo Batwa waliwinda na kurina asali. Familia nyingi zilihamishwa. Wenyeji waliokuwa wakitega mitego ya swala kwa ajili ya mboga walijikuta wahalifu, katika misitu ileile ambamo wageni wenye leseni walikuwa wameua gorila na kuandikwa vitabuni kwa heshima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mnyama akapona, na mwenyeji akaambiwa ahame. Ugomvi wa mipaka uliozaliwa wakati ule haujakwisha. Mkulima wa Rutshuru au wa Lubero anayelima ndani ya hifadhi leo hurudia maneno ya babu yake: ardhi hii ilikuwa yetu, na hakuna aliyekaa nasi kuizungumza. Nchi ilipojitawala, jina la Albert liliondolewa mwaka 1969 na hifadhi ikaitwa Virunga, lakini mipaka ilibaki ileile ya Brussels.

Walinzi na hesabu

Hata hivyo kazi ya ulinzi imezaa matunda, na waliolipa gharama yake ni Wakongomani. Mtafiti George Schaller alipoishi Kabara mwaka 1959 na 1960 alikadiria gorila 450 hivi katika milima ya Virunga. Miaka ya mwanzo ya 1980 walikuwa wamepungua hadi 250 hivi. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu 604. Ongezeko hilo lilipatikana wakati Kivu ikipita kwenye vita vilivyowamaliza wanyama wengine: viboko wa hifadhi walikuwa kama 29,000 katika miaka ya 1970, na kufikia 2005 hawakufika 1,000.

Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo, akiwemo dume Senkwekwe, waliuawa kwa risasi, na wanakijiji wakawabeba kwa machela za miti hadi kaburini. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 na dereva wao waliuawa karibu na Rumangabo, yaliko makao makuu ya hifadhi. Wengi wao walikuwa vijana wa vijiji vya hapahapa.

Leo mtu anayepanga safari yake ya kwanza ya uwindaji Afrika Mashariki mara nyingi huishia Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii una vitalu na leseni zake. Kenya iliufunga mwaka 1977. Kwetu, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, inawalinda kabisa wanyama kama gorila, na ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusu uwindaji wa aina yoyote. Kabla vita havijafunga njia, mgeni alilipa hadi dola 400 kukaa saa moja na gorila wa Virunga, amevaa barakoa na hana silaha. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Amani itakaporudi, wageni nao watarudi.

Tusisubiri wafike ndipo tuamue tutawasimulia nini. Hifadhi hii imeleta umeme: mtambo wa Matebe, uliozinduliwa Desemba 2015 kwenye mto Rutshuru, umewasha taa vijijini na hapa mjini Goma. Huo ni mwanzo mzuri, kwa sababu mtu hulinda kinachomfaa. Bado yanatakiwa mambo mawili. La kwanza, wazee wanaokumbuka simulizi za wapagazi na za familia zilizohamishwa wahojiwe wakiwa hai, na majina yao yaingie kwenye vitabu vya shule za Kivu pamoja na la Akeley. La pili, mipaka izungumzwe mezani na wanaoishi kandokando yake, kwa kuwa mwaka 1925 hawakuulizwa. Gorila wa Mikeno waliokolewa na mtu mmoja aliyekubali kubadili mawazo yake. Waliowalinda kwa miaka mia moja iliyofuata ni watu wa hapa, na watu hao wanastahili kusikilizwa kwanza.