Bunduki Iliyokatazwa Porini, Ikapitia Vitani

Mwindaji wa kitalii anayekuja Tanzania anaruhusiwa kuja na bunduki zake. Akishuka uwanja wa ndege sanduku linafunguliwa, namba zinasomwa moja moja na kulinganishwa na zile za kwenye kibali. Lakini ipo bunduki ambayo huko kwao, Marekani au Ufaransa, anaimiliki kihalali na kuwindia nguruwe pori kila msimu, na huku haruhusiwi kuingia nayo porini. Ni bunduki ya kuwindia ya nusu otomatiki. Inapiga, inatema ganda, inajikoki yenyewe, na mpigaji anabaki na kazi ya kuvuta triga tu.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kama ile iliyoitangulia ya 1974, inaiweka bunduki inayojipakia risasi zaidi ya mara moja katika orodha ya njia haramu za kuwinda, pamoja na sumu, mashimo na mitego ya waya. Bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori, ni kosa.

Hata hivyo, nenda wilaya za Tarime au Serengeti, mkoani Mara, ukae na wazee waliokuwa vijana miaka ya 1980. Watakwambia mlio wa bunduki inayojikoki wanaujua vizuri. Hawakuujulia kwenye uwindaji.

Huku uwindaji ulikuwa wa upinde. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme waliwinda nyumbu kwa mishale ya sumu na mashimo muda mrefu kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, na sotoka ilipofyeka ng'ombe miaka ya 1890, nyama ya porini ndiyo iliyowavusha watu kwenye njaa. Bunduki zilikuja kwa misafara ya biashara, nyingi zikiwa magobore. Na si kwa bahati mbaya kwamba yalibaki kuwa magobore. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana mjini Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Zile zilizopakiwa kwa mdomo wa mtutu ziliachiwa mlango kidogo, kwa masharti. Mwafrika akabakiziwa silaha ya babu wa Mzungu, na ya mjukuu akaionea mikononi mwa askari.

Gobore lina adabu yake. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unasokomeza kitambaa au nyuzi, unatia goroli au vipande vya chuma, unashindilia tena kwa ufito, ndipo unaweka fataki. Ukikosa shabaha mbele ya nyati, hakuna muda wa kurudia. Ndiyo maana hata wenye gobore wengi waliendelea kuuamini mshale, ambao haupigi kelele na haufichui mtu alipo.

Wajerumani walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, juu ya kilima kinachotazama nyika ambayo leo ni jirani na kijiji cha Robanda. Askari wao wengi walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, za risasi moja moja na moshi mzito. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Kijerumani cha afisa Naumann kilichokuwa kikizunguka nyuma ya mistari ya adui kilifika hapo Ikoma na kuwashinda askari wa Ubelgiji. Kikasalimu amri mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Kabla ya vita hiyo alikuwa amepita mtu mwingine. Mwaka 1913 mwandishi wa Marekani Stewart Edward White alivuka kutoka Nairobi kuingia kaskazini mwa Serengeti, akaiandikia kitabu kana kwamba alikuta nchi isiyo na wenyewe. Alikuwa na Springfield ya kuvuta bolti kwa mkono, ya risasi ya .30-06. Risasi hiyo ilitengenezwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na ganda lake lina urefu wa milimita 63. Hiyo ndiyo aina ya risasi ndefu ambayo wawindaji wa dunia nzima wameitumia kwa zaidi ya miaka mia.

Mwaka huohuo wa 1906 kampuni ya Remington ilianza kuuza bunduki ya kuwindia inayojikoki yenyewe, kazi ya fundi mashuhuri John Browning. Mbona basi White hakuja na silaha ya namna hiyo? Sababu moja ni risasi. Bunduki hizo za mwanzo zilitengenezewa risasi fupi za wastani. Ganda refu lenye baruti nyingi linasukuma kwa nguvu, na kuidhibiti nguvu hiyo ndani ya mashine nyepesi ya kubebwa begani kulihitaji ufundi ambao haukuwa umekomaa. Jeshi la Marekani lilipata bunduki nyepesi ya kuimeza .30-06 kwa kujikoki mwaka 1936, ile Garand. Mwindaji wa kawaida alisubiri hadi 1955, Remington ilipotoa modeli 740. Mwaka 1967 ikafuata BAR ya Browning, iliyotengenezwa Ubelgiji. Ndani ya BAR, hewa moto ya baruti inapita kwenye tundu dogo la mtutu, inasukuma pistoni, bolti inafunguka, ganda linaruka nje na risasi mpya inapanda kutoka magazini, yote kabla jicho halijapepesa.

Ni mashine nzuri, tuseme kweli. Ulaya na Marekani imeheshimika. Lakini wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki hawakuipenda, na mimi nawaelewa. Kwa nyati, simba na tembo, Tanzania inataka bunduki isiyopungua .375, na risasi maarufu ya kipimo hicho, ya Holland & Holland ya London, iliyotoka mwaka 1912, ina ganda la milimita 72. Ya kuisukuma risasi hiyo ni bolti ya mkono au bunduki ya mitutu miwili. Vumbi la Serengeti ni majivu laini ya volkano, linaingia popote. Bolti ikikwama unaipiga kwa kiganja. Pistoni ikikwama nyati akiwa hatua kumi, utaenda kumlalamikia nani?

Sababu ya pili ya bunduki hiyo kukataliwa ilikuwa aibu. Miaka ya 1920 magari yaliingia nyikani, na watalii wakawa wanaua simba kutoka kwenye viti vya gari. Denys Finch Hatton, aliyekuwa mwenyewe kiongozi wa safari za uwindaji, aliandika gazetini Uingereza kuulaani mchezo huo. Serikali ya Tanganyika ilianza kuweka pori la akiba dogo Serengeti mwaka 1921, likapanuliwa 1929, na hifadhi ya taifa ikatangazwa 1951. Wazo lililobaki kwenye sheria ni kwamba mnyama apewe nafasi: usimfukuze kwa gari, usimmulike usiku, usimmiminie risasi. Wazo hilohilo, sharti tuongeze, liliwafanya Waikoma na Wangoreme kuwa majangili kwa kutumia upinde wa baba zao. Mwindaji wa .375 aliitwa mgeni, wa mshale aliitwa mhalifu.

Hadi miaka ya 1960, askari wa wanyamapori wa Serengeti walikuwa na .303 za Kiingereza, zile ambazo polisi bado wanaziita Mark IV, na majangili wengi waliowakamata walikuwa na nyaya na mishale. Mapambano yalikuwa ya mbio. Miaka hiyohiyo hifadhi iliongezewa eneo la Lamai kaskazini, mlangoni kabisa mwa Tarime, na malisho ya wengine yakageuka mpaka.

Kisha yakaja matukio matatu mfululizo. Mwaka 1973 serikali ilisimamisha uwindaji wa kitalii kwa miaka kadhaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii waliokuwa wakitokea Nairobi wakakatika, na hifadhi ikakosa fedha za doria. Mwishoni mwa Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda akaivamia Kagera.

Wakurya wa Tarime walikuwa jeshini tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, wengi kuliko wingi wao nchini. Waliokwenda Uganda walipigana hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, na baadhi yao wakarudi nyumbani na zaidi ya medali. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime miaka ya 1990 na kuandika kitabu juu ya wizi wa ng'ombe wa Wakurya, anaonyesha jinsi silaha hizo zilivyobadili wizi wa zamani. Vijana waliokuwa wakienda na mikuki kuchukua ng'ombe wa mahari wakawa magenge yanayovusha mifugo kwenda sokoni Kenya, wenye bunduki wakiwa mbele.

Silaha hizo ndizo taarifa za polisi hadi leo huziita SAR na SMG. SAR ni nusu otomatiki halisi, yenye risasi 10 ndani. SMG ya kwetu ni jamii ya AK, risasi 30. Zote mbili zinakula risasi moja: ya 7.62 yenye ganda la milimita 39 tu, iliyobuniwa Urusi kwa ajili ya binadamu wa umbali wa mita mia mbili tatu. Nguvu yake ni kama nusu ya .30-06. Kwa mwindaji wa haki ni risasi ya kumjeruhi nyati, si ya kumwua, na hapo ndipo wingi wa risasi unapofanya kazi ambayo ustadi ulipaswa kuifanya. Kaskazini mwa Serengeti nyati walipungua vibaya, tembo wakakimbia au wakaisha, faru wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1989 Operesheni Uhai ilipeleka jeshi na polisi porini, na mwaka huohuo biashara ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku kimataifa.

Kwenye maboma tiba ilikuwa ngumu zaidi. Wakurya waliliunganisha ritongo, baraza lao la mila, na jeshi la ulinzi la sungusungu lililotokea Usukumani, wakaanza kuwaita wezi kwa majina na kuwatoza silaha zao mbele ya watu. Serikali ikaunda Mkoa wa Kipolisi wa Tarime na Rorya, kwa sababu mkoa mmoja wa Mara haukutosha kuushika mpaka ule.

Upande wa Serengeti, mapori ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994, na Robanda na vijiji jirani vikaunda eneo lao la jumuiya la Ikona. Wanakijiji wanapata mgawo wa fedha za utalii. Mwenyeji anaweza kuomba leseni ya kuwinda, ila leseni inataka bunduki iliyosajiliwa, na kwa familia nyingi za mji wa Mugumu hiyo ni bei ya ng'ombe kadhaa.

Kwa hiyo sheria ilifanikiwa mahali pepesi. Iliizuia bunduki ya risasi ndefu inayojikoki, ile yenye hati, mwenyewe na namba ya kusomwa. Ya risasi fupi haikuja na sanduku, ilikuja begani kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kwa mama yake, na nyingine hazijatoka hadi leo. Anayejua ilipo moja kijijini kwake, iwe darini au shambani, anajua pia ofisi ya mtendaji na kituo cha polisi vilipo. Aipeleke, au amwambie mwenye nayo aipeleke, kabla haijatumika kwenye zizi la jirani.