Fremu ya Kaboni: Muulize Fundi Habari za Kiungo

Haya, leo tuongee baiskeli. Sizungumzii ile ya kubebea mkaa na kreti za soda, ingawa nayo nitaigusa. Nazungumzia baiskeli nyepesi ya mashindano ya barabarani, yenye fremu ya nyuzi za kaboni. Kuna watu ambao hawataki kwenda dukani kuchukua saizi iliyopo. Wanamtafuta fundi mwenye karakana ndogo, anawapima mikono, mapaja na mgongo, kisha anawaundia fremu yao wenyewe. Ni kama suti ya kushonewa, ila hii bei yake inaweza kukununulia gari dogo lililotumika.

Sasa mtu anayetaka kutoa fedha zote hizo huuliza nini? Wengi huuliza mambo mawili: ina gramu ngapi, na imetoka nchi gani. Nadhani tukiifuata historia ya kitu hiki tutaona kwamba swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine kabisa: mabomba yake yameunganishwaje?

Tuanzie kwenye chuma. Itazame baiskeli ya zamani ya Raleigh, au Phoenix ya Kichina tunayoijua wote. Pale mabomba yanapokutana utaona soketi ya chuma, bomba limeingizwa ndani na kuchomelewa kwa shaba. Kwa njia hiyo fundi aliweza kutengeneza fremu ya urefu wowote. Alikata bomba refu kwa mtu mrefu na fupi kwa mfupi, mchezo ukaisha. Ndiyo maana kwa miongo mingi mafundi wadogo wa Italia, Ufaransa na Uingereza waliwatengenezea wakimbiaji wakubwa fremu za vipimo vyao.

Kisha ikaja kaboni. Mwaka 1958 Roger Bacon, mwanasayansi wa kampuni ya Union Carbide huko Marekani, alionyesha jinsi nyuzi za kaboni zinavyoweza kuwa na nguvu ya ajabu. Wajapani na Waingereza wakaziendeleza katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 kampuni ya Toray ya Japani ikaanza kuzizalisha kibiashara. Kazi yake kubwa ilikuwa ndege na vyombo vya anga. Baiskeli ilikuja kudandia tu.

Shida ikawa kwamba kaboni haichomelewi. Ukiipelekea moto wa kuchomelea unaiharibu. Unaunganishaje basi? Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Exxon, ndiyo, hao hao wa petroli, ilitoa baiskeli iitwayo Graftek. Mabomba yalikuwa ya kaboni, soketi za metali, na katikati gundi. Wazo lilikuwa zuri, lakini metali kama alumini ikigusana na kaboni huweza kuliwa na kutu kukiwa na unyevu, na gundi iliyo kati yao huchoka. Bomba lilikuwa imara, kiungo ndicho kilichosumbua.

Hata hivyo njia hiyo haikufa. Mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France akiwa na baiskeli ya Look, Ufaransa, yenye mabomba ya kaboni. Mwaka huo huo kampuni ya Kestrel ya Marekani ilitoa fremu iliyofinyangwa yote kwa kaboni ndani ya kalibu, bila soketi. Kiungo kikawa kimetoweka, fremu ni kitu kimoja. Kila mtu akapiga makofi.

Lakini angalia kilichopotea. Kalibu ni ghali sana, na kila saizi inataka kalibu yake. Kiwanda hakiwezi kuchonga kalibu kwa ajili ya mtu mmoja mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Hapo mpanda baiskeli akarudishwa kwenye saizi za dukani: ndogo, ya kati, kubwa, jipange mwenyewe. Teknolojia mpya kabisa ikatunyima kitu ambacho fundi wa chuma alikuwa akikitoa miaka yote!

Ndipo anapoingia Craig Calfee. Huyu alijenga fremu yake ya kwanza ya kaboni mwaka 1987, baada ya ajali kuiharibu baiskeli yake ya chuma. Yeye aliyaunganisha mabomba ya kaboni kwa kaboni yenyewe, bila kuhitaji kalibu ya fremu nzima, kwa hiyo angeweza kubadilisha vipimo. LeMond, ambaye kufikia hapo alikuwa bingwa wa Tour mara tatu, alitaka fremu ya kaboni ya vipimo vyake na viwanda vikubwa havikuwa nayo. Akaipata kwa fundi mdogo. Mwaka 1991 timu yake ya Z ilikimbia Tour kwa fremu za Calfee. LeMond aliivaa jezi ya njano kwa siku kadhaa, akamaliza wa 7. Hakushinda, lakini hoja ilikuwa imethibitishwa.

Huko Italia, Ernesto Colnago wa Cambiago alipita njia nyingine. Alirudi kwenye soketi, ila safari hii soketi zenyewe zikawa za kaboni. Fremu hiyo, C40, ilitoka mwaka 1994. Mwaka 1995 Franco Ballerini akashinda nayo Paris-Roubaix, mbio zinazopita kwenye mawe yanayotikisa meno mdomoni. Mwaka 1996 timu ya Mapei ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu hapo hapo Roubaix, kwa baiskeli za Colnago. Kama unataka kujua kiungo kina nguvu kiasi gani, sidhani kuna maabara bora kuliko ile.

Leo mafundi wadogo wengi hufuata njia inayofanana na ya Calfee. Ncha ya bomba huchongwa ikumbatie bomba jingine bila kuacha mwanya. Hugundishwa, kisha hufungwa matabaka ya kitambaa cha kaboni kilicholowanishwa kwa epoksi, hubanwa ili hewa itoke, huivishwa kwa joto na kupigwa msasa. Rangi ikipakwa juu, huoni kitu. Na hapo ndipo kwenye hatari. Kazi mbaya na kazi nzuri zikishapakwa rangi zinafanana.

Kwa hiyo unaongea na fundi. Muulize: kiungo unakifungaje, na nionyeshe kimoja ulichokikata katikati nione ndani. Fundi anayejiamini atakuwa nacho. Muulize kama mabomba anatengeneza mwenyewe au ananunua. Kununua si aibu. Kampuni kama Columbus na Dedacciai za Italia zimewauzia mafundi wadogo. La muhimu ni kama anajua kwa nini amekuchagulia bomba hili wewe mwenye kilo 60, na si lile la mtu wa kilo 95. Muulize pia: nikianguka, nani atakagua ufa nisiouona? Chuma kikipata pigo hupinda na kukuonya. Kaboni inaweza kuumia ndani huku nje inang'aa.

Na jambo la mwisho ni la biashara. Karakana ndogo hufa. Parlee ya Massachusetts, iliyoanzishwa na fundi aliyetoka kwenye ujenzi wa boti na kuheshimika sana, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2023 kabla ya kupata mmiliki mpya. Dhamana ya maisha ni maisha ya nani, yako au ya kampuni? Uliza.

Wengine watasema haya ni mambo ya wazungu wenye fedha. Sawa. Lakini huyu huyu Calfee aliunda pia baiskeli za mianzi, na mwishoni mwa miaka ya 2000 aliwafundisha mafundi wa Ghana kuzitengeneza. Mwanzi uko shambani, na pale unapokutana na mwenzake hufungwa nyuzi za mmea zilizolowanishwa kwa epoksi. Ni kiungo kile kile! Kilichobebwa kwenda Ghana hakikuwa kiwanda wala kalibu ya maelfu ya dola. Kilikuwa ujuzi wa kufunga vitu viwili visiachane, na ujuzi huo hukaa mikononi mwa mtu.

Ndiyo maana nasema usinunue gramu, wala usinunue bendera iliyobandikwa kwenye bomba. Wengi wetu tutatoshwa vizuri tu na saizi za dukani, na hakuna dhambi. Ila ukiamua kushonewa, mnunue fundi. Ukishuka mlima kwa kilomita 70 kwa saa, kinachokushikilia ni ile saa moja aliyokaa peke yake karakanani akifunga kitambaa ambacho alijua hutakiona kamwe.