Nani Alimgeuza Mgonjwa? Wahudumu wa Maristani na Swali la Dhamana

Inapotajwa hospitali ya Nuri ya Damascus, iliyojengwa na Nur al-Din Mahmud Zengi mwaka 549 H (1154), wasimulizi wetu wengi huishia kwenye jengo na majina ya matabibu. Waliomlisha mgonjwa na kumwosha usaha hawatajwi. Ni kasoro, kwani vitabu vya zamani havikuwasahau.

Ibn Abi Usaybi'a (aliyefariki 668 H), katika kitabu chake cha tabaka za matabibu, ameeleza jinsi Abu al-Majd bin Abi al-Hakam alivyowazungukia wagonjwa hapo Nuri akiwa pamoja na wasimamizi na wahudumu, wale waitwao quwwam. Alichomwandikia kila mgonjwa kilitekelezwa bila kucheleweshwa wala kulegezewa. Kisha tabibu huyo hurudi kuketi kwenye ukumbi mkubwa, vitabu mbele yake, akidarasisha kwa muda wa saa tatu. Msomaji azingatie: aliyeandika ni tabibu, lakini sifa ya kutochelewesha ni ya wale quwwam.

Asili ya jambo hili ni ya mbali zaidi. Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka 5 H, alipelekwa kwa Bi Rufaida, mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita asubuhi na jioni kumuuliza hali yake.

Mwaka 2006 Beatrice Kalisch, mwalimu wa uuguzi katika chuo kikuu cha Michigan, Marekani, aliandika juu ya huduma zinazoachwa wodini: kumgeuza mgonjwa, kumtembeza, kumlisha kwa wakati, usafi wake, kumliwaza. Miongoni mwa sababu alizozipata ni uchache wa wauguzi, kutoshirikiana, na kauli ile ya "hiyo si kazi yangu". (Kauli hiyo hata misikitini kwetu tunaijua, hasa choo kinapoziba.)

Mafaqihi wameihesabu huduma ya mgonjwa kuwa fardhi kifaya: akiitekeleza mmoja, wengine wamevuliwa dhima, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Hapa ndipo mtu hujidanganya, kila mmoja akidhani mwenzake ameshamgeuza yule bibi. Kwa maoni yangu, aliyekubali ujira na kupangiwa zamu hana tena pa kujificha. Mkataba umeifanya kazi ile kuwa wajibu wake yeye, na akizembea ni taksiri.

Je, aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku kucha? Huyo hakalifishwi asichokiweza. Swali linamwendea aliyempanga. Hospitali ya Mansuri, aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 683 H (1284), iliwekewa wakfu uliogharimia wahudumu wanaume kwa wagonjwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Nadhiri wa wakfu akipunguza watu hao, hawezi kumtupia lawama mhudumu aliyebaki.

Anabaki mwanachuo wa uuguzi, aliyepelekwa wodini kujifunza. Yeye huona kilichoachwa, na pia huona daftari likijazwa kana kwamba kimefanyika. Ni mdogo kuliko wote pale, na alama zake zimo mikononi mwa hao hao. Kumtaka akemee mbele ya watu ni kumbebesha mzigo mzito. Lakini akiambiwa atie saini kwa kazi ambayo haikufanywa, hilo limekuwa ushahidi wa uongo, na hapo hukumu yake haina mjadala.