Upangaji Mstari: Historia ya Istilahi na Funzo Lake

Mswada mmoja wa kitabu cha hisabati uliofika mezani kwetu ulikuwa na sura iliyoitwa "Uandishi wa Programu kwa Mstari". Aliyesoma kichwa hicho angetazamia kufundishwa namna ya kuiamuru kompyuta. Lakini ndani ya sura hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na seremala, mbao zake, saa zake za kazi na faida yake. Mfasiri hakupungukiwa na Kiingereza wala Kiswahili. Alichokosa ni historia ya istilahi aliyoitafsiri, yaani linear programming, na pengo hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lieleweke. Natuchukue karakana ya kubuni. Meza moja yataka mbao 4 na saa 2 za kazi, na huleta faida ya shilingi 8,000. Kiti kimoja chataka mbao 2 na saa 3, na huleta shilingi 6,000. Kwa juma moja karakana ina mbao 80 na saa 60, basi. Ikitengeneza meza tupu, mbao zitakwisha kwa meza 20. Faida itakuwa shilingi 160,000, na saa 20 zitapotea bure. Ikitengeneza viti vitupu, saa zitakwisha kwa viti 20. Faida itakuwa shilingi 120,000, na mbao 40 zitabaki. Mgawo ulio bora kuliko yote ni meza 15 na viti 10: mbao zote hutumika, saa zote hutumika, na faida hufika shilingi 180,000.

Hesabu hii huitwa ya mstari kwa kuwa mahusiano yake yote ni ya uwiano: meza zikiwa maradufu, mbao nazo huwa maradufu na faida vilevile, na mipaka yake ikichorwa kwenye grafu hutoa mistari iliyonyooka. Kwa bidhaa mbili, rula na penseli zatosha. Kwa bidhaa mia moja, hazifai kitu.

Wa kwanza kuikabili hesabu hii kwa upana wake alikuwa Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad aliyezaliwa mwaka 1912. Mnamo mwaka 1938 maabara ya shirika la plaiwudi ilimletea swali: kuna mashine 8 za kuchuna magogo na aina 5 za magogo, na kila mashine ina kasi yake kwa kila aina, kazi igawanywe vipi ili mazao yawe mengi kadiri iwezekanavyo? Kwa njia zilizozoeleka ingebidi kutatua mafungu ya milinganyo zaidi ya bilioni moja. Kantorovich akabuni njia fupi, na mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Leningrad kikachapisha kijitabu chake juu ya mbinu za kihisabati za kupanga uzalishaji. Maneno yake yalikuwa ya kupanga na kuratibu.

Huko Marekani hesabu hiyohiyo ilizaliwa mara ya pili, pasipo habari za Leningrad. George Dantzig alikuwa mwanahisabati wa jeshi la anga. Katika ofisi za kijeshi alizofanyia kazi, neno "programu" lilimaanisha mpango wa mafunzo, wa ugavi, au wa kupeleka vikosi mahali panapotakiwa. Ndiyo maana mwaka 1947 alipobuni njia yake ya kutatua hesabu hizi, inayojulikana kwa jina la simpleksi, aliiona kuwa ni njia ya kutengeneza programu, yaani mipango. Jina alilolitumia kwanza lilikuwa refu: upangaji katika muundo wa mstari. Mwaka 1948, wakitembea ufukweni huko Santa Monica, Tjalling Koopmans alimshauri alifupishe. Koopmans alikuwa mchumi mzaliwa wa Uholanzi ambaye wakati wa vita alishughulikia mgawo wa meli za mizigo. Hivyo ndivyo istilahi tunayoijadili ilivyopatikana.

Kwamba kompyuta haikuhusika katika kuzaliwa kwa jina hili, ushahidi upo. Mwaka 1945 mchumi George Stigler aliuliza ni vyakula gani, kati ya 77, vitakavyompa mtu mzima virutubisho 9 vya lazima kwa gharama ndogo kabisa. Kwa kukadiria alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za mwaka 1939. Njia ya Dantzig ilipojaribiwa juu ya swali hilo, makarani waliketi mbele ya mashine za mezani za kukokotoa, na kazi ikala siku 120 za mtu mmoja. Jibu lilikuwa dola 39.69. Kilichoitwa programu ni orodha ya vyakula.

Funzo la pili ni zito zaidi, nalo lahusu neno "bei". Turudi karakanani. Seremala akipata ubao mmoja wa ziada, akapanga upya kazi yake, faida yake huongezeka kwa shilingi 1,500. Akipata saa moja ya ziada, huongezeka kwa shilingi 1,000. Namba hizi haziandikwi dukani. Hutoka katika hesabu yenyewe. Wachumi wa Magharibi waliziita "bei kivuli". Kantorovich alizigundua katika kazi ya mwaka 1939, lakini hakuziita bei. Aliziita "vizidishi vya utatuzi", na baadaye akatumia jina lenye maana ya tathmini zilizobainishwa na hali halisi. Katika nchi yake itikadi ilishikilia kwamba chanzo cha thamani ni kazi ya binadamu, na kusema kwamba ubao una bei kwa sababu ni haba kulikuwa ni kujitafutia lawama. Hata hivyo lawama hazikumkosa. Kitabu alichokiandika wakati wa vita, ambacho mswada wake ulikuwapo mwaka 1942, kilichapishwa mwaka 1959. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Koopmans, kwa mchango wao katika nadharia ya mgawo bora wa rasilimali. Dantzig hakuwamo. Yafaa tutambue kwamba waliotoa tuzo waliitaja kazi kwa lile inalolitenda, yaani kugawa.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuseme "upangaji mstari", kwa mfano wa "mlinganyo mstari", na neno "programu" tuliachie kompyuta ambayo imekwisha kulishika. Pili, masharti ya hesabu tuyaite "mipaka" badala ya "vikwazo", kwa kuwa vikwazo vimezoeleka katika habari za nchi kususiana kiuchumi. Tatu, "bei kivuli" iachwe. Msomaji wetu amezoea "waziri kivuli", yule anayengoja zamu ya kutawala. Lakini namba hii haingoji zamu ya kuwa bei ya sokoni. "Thamani ya nyongeza" nayo ingechanganywa na kodi. Sisi twaona "thamani ya uhaba" yafaa zaidi, maana inaeleza kanuni yenyewe: karakana ikiwa na mbao za kubakiza, ubao wa ziada hauongezi hata senti moja. Pasipo uhaba, thamani hiyo ni sifuri.

Huenda wasomaji wakawa na maneno bora kuliko haya, nasi tutayapokea. Tunachoomba ni kwamba kila pendekezo lije na sababu yake. Kantorovich alichagua neno kwa tahadhari kwa kuwa neno baya lingeweza kuizika kazi yake. Mwanafunzi wetu hana hatari ya namna hiyo. Lakini akifungua sura akidhani ni ya kompyuta, ataifunga kabla hajajua kwamba ingemsaidia kugawa mbao.