Michango ya Wahitimu katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1636, na wafadhili wake wa mwanzo hawakuwa watu waliosoma hapo. John Harvard, mchungaji aliyesomea Cambridge, Uingereza, alipofariki mwaka 1638 alikiachia nusu ya mali yake pamoja na vitabu takriban 400. Mwaka 1643 Lady Ann Mowlson wa London alitoa pauni 100 za kusomeshea wanafunzi maskini. Kwa muda mrefu vyuo viliendelea hivyo, vikitegemea ada, misaada ya serikali za makoloni na sadaka za waumini. Aliyekwisha kuhitimu hakudaiwa chochote.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1821 huko Williams, chuo kidogo cha Massachusetts. Mkuu wake, Zephaniah Swift Moore, aliondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo cha Amherst, na wengi wakaamini Williams haitadumu. Siku ya mahafali wahitimu walikutana, wakaunda umoja wao ili kukinusuru chuo. Huo ndio umoja wa wahitimu wenye umri mkubwa kuliko mwingine wowote Marekani, na upo hadi leo.

Kuchangia kwa mpango kulianza Yale mwaka 1890. Badala ya kungoja wosia wa tajiri mmoja, chuo kiliamua kumwomba kila mhitimu atoe kidogo kila mwaka. Kazi ya kuomba ikaangukia wakala wa kila mwaka wa kuhitimu, mtu anayejitolea bila malipo kuwaandikia wenzake aliosoma nao. Barua ya ofisi ya chuo huweza kutupwa kapuni. Ya mtu mliyekula naye meza moja kwa miaka minne humtia mpokeaji haya akikaa kimya. Vyuo vingine vikaiga. Mwaka 1905 wahitimu wa Harvard wa mwaka 1880 waliadhimisha miaka 25 tangu wamalize kwa kukikabidhi chuo dola 100,000, na zawadi ya mwaka wa 25 ikawa desturi.

Serikali nayo ilisaidia bila kutoa fedha taslimu. Sheria ya kodi ya mwaka 1917 iliruhusu mtu aondoe michango ya hisani katika kipato kinachotozwa kodi. Miaka miwili baadaye Harvard ilizindua kampeni kubwa ya kutafuta dola milioni 15, hasa ili kuboresha mishahara ya walimu. Kuanzia hapo uchangishaji ukawa taaluma yenye ofisi, makarani na daftari za majina.

Fedha hizo humfikia mwanafunzi kwa njia mbili. Michango ya kila mwaka hutumika mara moja kwa ufadhili wa masomo na matumizi mengine. Zawadi kubwa huwekwa katika mfuko wa wakfu: mtaji hauguswi, hutumika sehemu ya faida tu. Chuo kinachotumia asilimia 5 ya thamani ya mfuko hupata dola 50,000 kila mwaka kutoka kwenye zawadi ya dola milioni 1. Mwaka 2001 Princeton, yenye wakfu mkubwa na wahitimu wachangiaji hodari, iliondoa mikopo katika misaada yake kwa wanafunzi na kuweka ruzuku zisizorudishwa.

Mfano mkubwa zaidi ni wa tajiri Michael Bloomberg, mtoto wa mtunza hesabu, aliyesoma Johns Hopkins kwa mkopo na kibarua cha chuoni. Alihitimu mwaka 1964, na mwaka uliofuata akatoa mchango wake wa kwanza: dola 5. Mwaka 2018 alitoa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya ufadhili wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na chuo kikafuta mikopo katika misaada yake.

Neema hii haigawanyiki sawa. Vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi vilitoa wahitimu waliobaguliwa katika ajira na mali, hivyo mifuko yao ilibaki midogo. Mwaka 1944 vyuo kadhaa kati ya hivyo viliungana kuchangisha kwa pamoja. Mwaka 2019 wahitimu wapatao 400 wa Morehouse, mojawapo ya vyuo hivyo huko Atlanta, walilipiwa madeni ya masomo na tajiri Robert F. Smith, ambaye mwenyewe hakusoma hapo.

Jambo jingine linalolalamikiwa ni upendeleo wa udahili kwa watoto wa wahitimu, ulioshika mizizi miaka ya 1920. Watetezi wake husema hudumisha moyo wa kutoa. Wapinzani husema huwapa nafasi walio nazo tayari. Johns Hopkins iliuacha, na mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuukataza hata katika vyuo binafsi.

Katika miongo ya karibuni asilimia ya wahitimu wanaochangia imeshuka huku zawadi za matajiri wachache zikizidi kuwa kubwa. Mpango wa Yale wa mwaka 1890 ulitegemea wengi kutoa kidogo. Sasa uzito umehamia kwa wachache, na msaada anaoupata mwanafunzi hutegemea sana utajiri wa waliomtangulia katika chuo chake.